UZI: Kompyuta ya gemu na usanifu ya kukaa nayo miaka mingi, vipuri vya kuwekea pesa na vya kubana

#1 · Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Swali ninaloulizwa kila mara ni lile lile: "Nataka mashine ya gemu na kazi za usanifu, niikalie miaka saba nane, nichukue prosesa gani?" Jibu langu huwaudhi watu, maana nawaambia prosesa tutaiongelea baadaye. Prosesa ni kipuri kinachokufa mara chache. Mashine ikizima jumla, anza kuchunguza pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme kwa vipuri vyote), feni, pampu ya maji kama ipo, diski, kisha mazabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vingine). Hao ndio marehemu wa kawaida.

Kuna kifo cha aina nyingine ambacho hakihitaji kitu kuungua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (moduli ya usalama) pamoja na prosesa zilizomo kwenye orodha yake. Ryzen za kwanza kabisa, prosesa za AMD za 2017, hazimo. Zinawaka, hazina ugonjwa wowote, ila zimefungiwa mlango. GTX 1080 Ti nayo, kadi ya picha ya Nvidia ya Machi 2017, ilipewa draiva (programu za kuiendesha) za gemu hadi Oktoba 2025, na sasa imebakiziwa za usalama tu. Miaka minane na ushei kwa kadi ya picha ni umri wa kuheshimika, na sababu yake nitaieleza huko chini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Pesa nzito iende kwenye vitu vya aina mbili: vile ambavyo vikiharibika vinaondoka na wenzao, na vile ambavyo huwezi kuviongeza baadaye. Vilivyobaki chukua vya kukutosha, kesho utabadilisha.

Pawasaplai

Hapa ndipo watu hubana pesa, na mimi ndipo ninaposema usibane. Hiki ndicho kipuri kinacholisha umeme kila kingine. Kikifa vibaya kinaweza kupeleka volti za ajabu kwenye mazabodi, kadi na diski kwa mpigo mmoja.

Watu wengi huangalia nembo ya 80 Plus Gold wakadhani ni cheti cha uimara. Hapana. Nembo ile hupima ni kiasi gani cha umeme unaoingia kinatoka kama kazi badala ya kupotea kama joto. Gold inatakiwa ifike asilimia 90 ikiwa imebebeshwa nusu ya mzigo wake kwenye umeme wa volti 115. Haisemi lolote kuhusu kapasita (vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji) zilizomo, wala kama kinga za shoti na za kuzidiwa mzigo zinafanya kazi. Kwa uimara angalia mambo mengine: waranti ya miaka 10 (mtengenezaji asiyeamini bidhaa yake haitoi hiyo), kapasita zilizopimwa kwa nyuzi 105, na ripoti za watu walioifungua wakaipima kwa vifaa.

Kapasita za aina hii huzeeka kwa joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10, umri wake unakaribia kuongezeka mara mbili. Ndiyo maana nashauri uchukue wati zaidi ya unazohitaji. Chukua mfano wa RTX 5070 Ti, kadi ya wati 300. Nvidia wenyewe wanapendekeza pawasaplai ya wati 750. Mimi ningeweka 850: inafanya kazi katikati ya uwezo wake, feni inazunguka polepole, ndani kunabaki baridi, na nafasi ya kadi kubwa zaidi ya kesho ipo tayari.

Chagua yenye kiwango cha ATX 3.0 au 3.1. Kadi za siku hizi zina tabia ya kuvuta umeme kwa mshtuko, sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha zinatulia. ATX 3.0 inataka pawasaplai istahimili mshtuko unaofika mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100, yaani sehemu 100 kati ya milioni moja za sekunde. Za zamani zilikuwa zinajizima katikati ya gemu na mtu anailaumu kadi.

Na hili naomba mlishike: nyaya za kuchomoa za pawasaplai moja usizichomeke kwenye nyingine, hata kama zinaingia vizuri. Upande wa kadi na diski umewekwa sanifu, ila upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Diski nyingi zimekufa kwa uzembe huo.

Soketi na mazabodi

Soketi, yaani tundu la prosesa kwenye mazabodi, ndiyo inayoamua kama baada ya miaka minne utabadilisha prosesa peke yake au utabomoa nusu ya mashine. AM4 ya AMD ndiyo mfano bora. Ryzen za kwanza zilikaa juu yake 2017, na Aprili 2022 ikaja 5800X3D ambayo mazabodi nyingi za 2017 ziliipokea baada ya kupandishwa BIOS (programu ya ndani ya mazabodi). Mtu alitoka kwenye prosesa ya kwanza hadi moja ya prosesa kali za gemu za wakati huo kwa bisibisi na pesti ya kupitisha joto tu.

AM5 ilianza Septemba 2022, na AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. Imeshapokea familia ya 7000 na ya 9000. Kwa Intel, LGA1700 ilihudumia kizazi cha 12, 13 na 14, kisha Oktoba 2024 wakahamia LGA1851. Sina ugomvi na Intel kwenye kazi, hasa kwa wahariri wa video wanaofaidi Quick Sync (sehemu ya prosesa za Intel inayoharakisha video), lakini uzi huu unahusu kudumu, na kwa kipimo hicho mimi niko AM5.

Kwenye mazabodi yenyewe taa za rangi hazina kazi. Angalia vipozea joto juu ya sehemu inayolisha prosesa umeme, tundu za M.2 (za diski nyembamba) zisipungue mbili, na kitufe cha kupandisha BIOS bila kuwa na prosesa inayotambulika. Kitufe hicho utakikumbuka siku utakayonunua prosesa mpya ambayo mazabodi haijawahi kuisikia. Ukipata na zile taa ndogo nne zinazoonyesha kama tatizo ni prosesa, RAM, kadi au diski, umepata fundi wa bure.

Kadi ya picha

VRAM, wakuu, yaani kumbukumbu ya kadi yenyewe. VRAM kwanza, kasi baadaye. Kasi ndogo inavumilika: unashusha mipangilio, unasubiri dakika kadhaa zaidi kurenda (kutoa picha ya mwisho ya 3D). VRAM ikijaa hakuna uvumilivu. Kwenye gemu picha zinaanza kukatakata, au kuta na nyuso zinabaki na ukungu hazikamiliki. Kwenye Blender, programu ya 3D, tukio lisipoenea kwenye VRAM, ama linagoma ama linakimbilia RAM ya kawaida na kazi inageuka kutambaa. Na VRAM imechomelewa kwenye kadi, haiongezwi.

Rudi sasa kwa ile 1080 Ti. Ilikuwa na GB 11 mwaka 2017. RTX 2080 ya 2018 ilikuja na GB 8, na RTX 3070 ya 2020 ikaja na GB 8 vilevile. Chipu ya 3070 ina nguvu kuliko ya 1080 Ti, lakini ni mbele ya gemu zenye picha nzito ndipo mwenye 3070 hukwama kwa nafasi huku chipu yake ikiwa bado na pumzi.

Kwa nini nasema 16 leo? Tazama PS5 na Xbox Series X. Zote zilitoka Novemba 2020 zikiwa na GB 16 za kumbukumbu ya pamoja na prosesa ya kori 8 (kori ni kitengo cha kuchakata ndani ya prosesa). Watengenezaji wa gemu kubwa hupima kazi zao kwa mashine hizo. Ukiwa na kadi ya GB 16 na kori 8 huwezi kuachwa na msingi huo mpaka utakapohama. Ndiyo maana kati ya RTX 5060 Ti ya GB 8 na ile ya GB 16, jina moja, chipu moja, mimi siioni ile ya kwanza kama kadi ya kukaa nayo.

AMD au Nvidia? Kwa gemu tupu, RX 9070 XT yenye GB 16 ni kadi nzuri sana. Kwa usanifu, fungua kwanza orodha ya programu zako. Cycles, injini ya kurenda ya Blender, hutumia teknolojia ya OptiX kwenye Nvidia na HIP kwenye AMD, na OptiX kwa kawaida iko mbele. Programu nyingi za kurenda zilikulia kwenye CUDA, mfumo wa Nvidia. Ukiishi kwa 3D, Nvidia inakupunguzia maumivu ya kichwa hata kama bei yake inakera.

Nyaya: tundu lile la umeme la pini 16 lililokuwa kwenye RTX 4090 ya 2022 liliyeyuka kwa watu kadhaa, na plagi isiyoingia hadi mwisho ilitajwa kuwa sababu kubwa. Toleo jipya la tundu hilo, 12V-2x6, limefupisha pini za kuhisi ili plagi ikiwa nusu kadi isivute umeme. Malalamiko hayakuisha kabisa. Sukuma hadi mwisho, usikunje waya karibu na plagi, na kwa kadi za kati nazifurahia zaidi zile ambazo bado zina plagi za pini 8.

Prosesa, tumefika

Kori 8 kwa wengi. 7800X3D na 9800X3D zina kori 8 na kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) kubwa ya MB 96, na kashe ile ndiyo inayozipa ubingwa kwenye gemu. Photoshop na Illustrator hutegemea zaidi kasi ya kori moja kuliko wingi, na Blender ukirenda kwa kadi prosesa inabaki msaidizi. Usiogope kuona Ryzen za familia ya 7000 zisizo za X3D zikigonga nyuzi 95 kwenye mzigo mzito, zimebuniwa hivyo. Ila kama unataka utulivu, washa Eco Mode (hali ya kubana umeme) kwenye BIOS. Utapoteza kasi kidogo na joto litashuka sana.

RAM, diski, upoozaji, kasha

RAM vipande viwili, si vinne. Kwa Ryzen 7000 kasi rasmi ya vipande viwili ni 5200, ukijaza vinne vyenye chipu pande zote mbili inaporomoka hadi 3600. Kwa hiyo amua mapema: GB 32 kama ni gemu na picha, GB 64 kama kuna After Effects au matukio makubwa ya 3D. DDR5-6000 ndiyo inayokubaliana vizuri na AM5, na ukumbuke kuwasha EXPO (mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake kamili), la sivyo inatembea polepole bila wewe kujua.

Diski: NVMe (diski ya kasi inayokaa kwenye tundu la M.2) ya PCIe 4.0 inatosha. Zinasoma karibu MB 7,000 kwa sekunde, na za 5.0 zinafika 14,000, lakini kwenye gemu hutaona tofauti zaidi ya joto. Chagua chipu za aina ya TLC badala ya QLC, ambazo huchakaa mapema zaidi. Angalia TBW, yaani data inayoweza kuandikwa ndani ya waranti. Kwa mfano Samsung 990 Pro ya TB 1 imeandikiwa TB 600, ile ya TB 2 imeandikiwa 1,200. Moja ya mfumo, moja ya kazi. Na nakala ya kazi ikae nje ya mashine, hili halina mjadala.

Kasha: mbele liwe la wavu, lenye kichujio cha vumbi kinachochomoka. Basi.

Maswali karibuni.

#2

Nondo hizi mkuu. Ila umeruka upoozaji kama vile hujauandika kwenye kichwa cha habari. Maji au hewa?

#3 · Mwanzisha uzi

Hewa, mkuu. Kipozea cha hewa ni chuma na feni, kinachoweza kufa ni feni tu, na feni unabadilisha bila kugusa kingine. Kipozea cha maji kilichofungwa kiwandani kina pampu ambayo ina siku zake, na maji hupenya taratibu kwenye mipira miaka inavyokwenda, hata bila kuvuja tone. Waranti zake nyingi ni miaka mitano au sita, na waranti husema anachotarajia mtengenezaji. Noctua wamekuwa wakitoa vishikizo vya soketi mpya kwa vipozea vyao vya zamani, kwa hiyo NH-D15 ya 2014 bado inakaa juu ya AM5. Hiyo ndiyo maana ya kudumu.

Maji yana nafasi yake kwa prosesa ya kori 16 inayorenda usiku kucha ndani ya kasha dogo. Hapo nakubali.

#4

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha uzi. "Prosesa haifi"? Waulize wenye Intel za kizazi cha 13 na 14. Mashine zilikuwa zinaangusha gemu, zinashindwa hata kufungua mafaili yaliyobanwa, watu wakahangaika na draiva miezi na miezi.

#5 · Mwanzisha uzi

Nilisema hufa mara chache, na mfano wako unanisaidia, kwa sababu zile ziliuliwa na volti. Programu ya ndani ya prosesa ilikuwa inaomba volti kubwa kupita kiasi, na sakiti ikawa inachakaa kidogo kidogo. Intel walitoa marekebisho ya 0x129 Agosti 2024 na 0x12B Septemba, wakaongeza waranti miaka miwili. Marekebisho huzuia uharibifu usiendelee, hayatibu iliyokwisha kuharibika. Na AMD hawakuwa wasafi: mwaka 2023 kuna 7800X3D ziliungua juu ya mazabodi zilizokuwa zinapeleka volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia kumbukumbu) kubwa mno, ikabidi BIOS mpya ziifunge kwenye 1.3.

Somo la vitendo hapo ni BIOS. Ukishafunga mashine, pandisha BIOS kabla ya kuanza kuifanyisha kazi. Na zile hali za "ongeza nguvu" ambazo mazabodi huja zimewashwa, zizime.

#6

Mimi ni mtu wa 3D na video, kila siku, na kori 8 kwangu ni chache. Kurenda kwa kadi sawa. Lakini maji, moshi na vitambaa vya kuigiza ndani ya Blender na Houdini vinakwenda kwa prosesa. Tukio likizidi VRAM narudi kwenye prosesa pia. Ukimwambia msanifu wa 3D achukue 9800X3D atakuja kukulaumu.

#7 · Mwanzisha uzi

Hapo umenipata vizuri, na wanaofanya kazi kama yako wakufuate wewe: 9950X, au 9950X3D kama gemu ni za maana kwako, kori 16 zote mbili. Ila wengi wanaosema "usanifu" ukiwachimba unakuta ni Photoshop, Illustrator, Canva na Blender ya mwisho wa wiki. Kwa hao kori 16 zitakuwa zinasinzia, na ile tofauti ya bei ingewapa kadi ya GB 16 badala ya 12.

Faida ya AM5 ni kwamba mjadala huu hauhitaji kuisha leo. Anza na kori 8. Kazi ikikua, 16 zinakaa kwenye tundu lile lile, mradi mazabodi yako haikuwa ile ya bei ya chini kabisa isiyo na kipozea kwenye sehemu ya umeme.

#8

Kadi zilizotumika vipi? Nimeona watu wakiogopa zilizochimba sarafu za kidijitali.

#9 · Mwanzisha uzi

Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, hivyo kadi za uchimbaji mkubwa zina umri sasa. Kinachozeeka ni feni, pesti na zile pedi laini zilizo juu ya chipu za VRAM. Chipu yenyewe ikikaa kwenye joto moja lisilopandashuka haiumii sana kama watu wanavyodhani. Ukiikagua, ipakie mzigo angalau nusu saa, usikilize feni, utazame joto la VRAM na si la chipu peke yake. RTX 3090 iliyotumika ina GB 24, na kwa msanifu wa 3D bado ni mali. Lakini nusu ya kumbukumbu yake iko mgongoni mwa kadi na hupata joto kali, kwa hiyo kubadilisha pedi uweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Pawasaplai iliyotumika, hapana. Hata ukipewa bure.

#10

Na laptopu?

#11 · Mwanzisha uzi

Laptopu ni uzi mwingine mkuu. Kadi imechomelewa, mara nyingi na RAM pia, kwa hiyo karibu kila nilichoandika hapo juu hakifanyi kazi.

#12

Mimi pesa haitoshi kununua vyote kwa mara moja, na bei za RAM tangu mwisho wa 2025 zimepanda vibaya. Ningependa kujenga kidogo kidogo. Nianze na lipi, lipi lisubiri?

#13 · Mwanzisha uzi

Bei za RAM zimepandishwa na viwanda kuelekeza uzalishaji kwenye data senta za akili bandia, na sisi wa mezani tumebaki kwenye foleni. Kwa hiyo usinunue GB 64 kwa hofu ya kesho. Chukua vipande viwili vya 16. Ukija kuhitaji zaidi, utauza hivyo na kuchukua viwili vya 32, usiongeze vingine viwili pembeni.

Usinunue vipuri uvirundike kabatini mwaka mzima. Waranti inakimbia, na kipuri kibovu hutakijua mpaka muda wa kurudisha umepita. Kusanya pesa ya seti moja itakayowaka: pawasaplai, kasha, mazabodi, prosesa, RAM, diski moja. Kadi ndiyo isubiri. Ryzen za 7000 na 9000 zina kadi ndogo ndani yake, isipokuwa zile zenye herufi F mwishoni, kwa hiyo epuka F. Monita ichomeke nyuma kwenye mazabodi, utafanya Photoshop na Illustrator bila shida, na gemu nyepesi za zamani zitakubali. Wakati huo huo utaijaribu RAM kwa MemTest86 (programu ya kupima kumbukumbu) usiku mzima na kujua kama mashine imetulia kabla hujaweka kipuri ghali kuliko vyote juu yake.